Nafasi ya Mervyn

Desmond Pratley alikuwa ameibana fimbo ya mti wa mhazeli kati ya magoti, akikwangua gome lake kwa kisu kutoka juu kwenda chini, bila haraka. Gome lilitoka kwa vipande virefu vyenye unyevu na kuangukia viatu vyake. Mvua ya Machi ilikuwa ikigonga bati la lile banda lililoko nyuma ya baa ya kijiji.

"Nipe nyingine," alisema bila kuinua kichwa.

Mervyn Timms, aliyekaa mbele yake juu ya kreti la bia lililopinduliwa, alimpa kisu.

"Fimbo, Merv. Kisu ninacho."

"Najua unacho. Hicho cha akiba, maana chako hakikati hata siagi."

Desmond alicheka, kisha akamtazama. Siku hizi hakuweza kujua kama Mervyn anatania au amepotea, wala hakujua kama Mervyn mwenyewe anajua.

Kila mwaka kabla ya msimu, watu wa ngoma wa kijiji cha Sarley hukata fimbo mpya, kwa sababu za mwaka uliopita huwa zimekauka, na fimbo kavu ikigongwa hupasuka na kurusha vibanzi. Msimu huanza Mei Mosi alfajiri juu ya kilima, ukaendelea kwenye viwanja vya makanisa, mbele ya milango ya baa na kwenye matamasha ya miji ya jirani, mpaka mavuno ya Septemba. Desmond ndiye aliyekuwa mwalimu wa ngoma. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa vigae vya mawe, hadi magoti yalipogoma. Mervyn alikuwa akipeleka maziwa nyumba kwa nyumba. Walianza ngoma wakiwa vijana, na kwa miaka mingi sasa walisimama katikati ya safu, wakitazamana.

"Mzee Hone anakuja saa ngapi?" aliuliza Mervyn.

Mzee Hone aliwafundisha ngoma wote wawili. Walikuwa wamelibeba jeneza lake wenyewe, njuga zikiwa miguuni, na kaburi lake lilikuwa limeshaota majani.

"Leo haji."

"Atakuwa amekasirika. Jana nilikosea mguu."

"Hakukasirika, bwana. Mimi nilikuwepo."

Beryl, mke wa Mervyn, alikuja na mwavuli kumchukua mumewe. Alimfunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akamwambia asimame kidogo chini ya upenu, kisha akarudi ndani na kuuegemea mlango kwa mgongo.

"Clive, kiongozi wenu, ameniambia mnafikiria kumpumzisha ngoma."

"Clive ndiye anayefikiria."

"Na wewe?"

Desmond aliitazama fimbo. "Sijakata shauri, Beryl."

"Basi nisikilize kabla hujakata. Asubuhi ananiita bibie. Ananiuliza kama mume wangu hatachukia nikikaa naye mezani. Nimeolewa na mtu huyu tangu nikiwa msichana, Desmond, halafu ananikaribisha chai kama mgeni. Lakini Jumatano akitoka mazoezini, akaingia mlangoni na jasho lake, ananiita Beryl. Anauliza kuna nini cha kula. Ananigombeza viazi havijaiva. Mpaka anapolala ni mume wangu kabisa." Alivuta pumzi. "Usiniondolee hicho. Sina kingine."

Desmond alisema atajitahidi. Beryl alitikisa kichwa kukubali, akatoka, na kupitia ufa wa mbao Desmond akawaona wakivuka uwanja, Beryl akiuelekeza mwavuli wote upande wa mumewe.

Ngoma nyingi za Sarley Mervyn alizicheza bila kosa. Zile za leso alizicheza vizuri kuliko vijana. Shida ilikuwa moja tu, nayo ni ngoma ya fimbo iitwayo Lango la Askofu, ambayo Sarley hawawezi kutoka bila kuicheza. Ndiyo ngoma yao, na watu huja kwa ajili yake.

Wachezaji ni sita, watatu kwa watatu wakitazamana. Kwenye kiitikio wote hugeuka kwa kuruka, migongo ikaelekeana, na wanapomaliza kugeuka fimbo za wale wawili wa katikati hugongana kwa nguvu. Hakuna anayetazama fimbo. Ukitazama umechelewa. Unajua mwenzako yuko wapi, unapiga. Mzee Hone aliwafundisha kugonga juu, kupita vichwa, huku wachezaji wa pembeni wakipita chini ya fimbo wameinama, kama watu wanaopita langoni. Mzee Hone alipokufa na mabega yalipoanza kuuma, Desmond aliibadilisha: fimbo zigongane usawa wa kiuno, na wa pembeni wazunguke kwa nje. Ilikuwa rahisi zaidi, na hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Majira yote ya baridi fimbo ya Mervyn ilikuwa ikipanda juu peke yake, ikigonga hewa, na ya Desmond ikigonga hewa huku chini. Wenzao walisema Mervyn amesahau. Desmond alimtazama Jumatano moja, akamtazama na nyingine, akagundua kwamba hakusahau. Alikuwa akicheza sawasawa kama Mzee Hone alivyomfundisha. Kilichoingia mwisho kichwani mwake ndicho kilichotoka kwanza, na cha chini yake bado kilikuwa kizima.

Kwa hiyo, Jumatano iliyofuata ile siku ya banda, aliwakusanya katikati ya ukumbi wa kijiji na kuwaambia wote watarudi kwenye Lango la zamani.

"Watu watano wabadilike kwa ajili ya mmoja?" alisema Clive Arkell. Kiongozi huyo alicheza pembeni, ubavuni mwa Mervyn. "Kwa nini asibadilike yeye?"

"Kwa sababu yeye hawezi. Sisi tunaweza."

"Sema mwenyewe. Mgongo wangu huu haujainama tangu—"

"Tangu siku ulipoinama kuokota senti," alidakia Trevor, mpiga kodiani, kutoka kwenye kiti chake. "Nakumbuka. Tulitaka kukuitia daktari."

Walicheka wote, na Mervyn akacheka zaidi ya wote. Clive naye alicheka, lakini wenzake walipokwenda kumimina chai alimvuta Desmond kando.

"Sikia. Mimi nampenda kama wewe unavyompenda. Lakini huku juu kuna vichwa. Tukikosea chini tunaumia vidole. Na siku akisahau na hii ya Mzee Hone, je?"

"Hii alijifunza akiwa kijana. Haiwezi kutoka."

"Nani kakwambia?"

Desmond aliokota fimbo yake. Alirudi kwenye safu na kuanza kuwapanga.

Mei Mosi walipanda kilima gizani, wakiwa na mavazi meupe na tepe za kijani kifuani, kofia zimechomekwa maua ya porini. Kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Jua lilipochungulia, Trevor alipuliza vidole, akavuta kodiani, na njuga zote zikalia pamoja. Kwenye kiitikio cha Lango, Desmond aligeuka, akapiga juu bila kutazama, na fimbo ya Mervyn ilikuwa palepale. Mlio wake ulishuka bondeni ukarudi. Wakapiga tena, na tena, na kila mara ilikuwa palepale. Mervyn alikuwa akitabasamu kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta taa inawaka.

"Beryl," alisema baadaye, akifungua sandwichi kwenye karatasi, "umesahau achari tena."

Beryl aligeuka upande, akajifanya anatafuta chupa ya chai.

Mwezi ule wote walicheza hivyo, kwenye ua wa baa moja baada ya nyingine, jioni zilizokuwa zikirefuka. Watu wa vijiji walisema Sarley wamerudi kuwa Sarley. Hata Clive alikiri kwamba Lango la juu lina sura. Desmond alilala vizuri. Alijiona amefanya jambo jema, na kweli hakukuwa na mtu wa kumwambia vinginevyo.

Ishara ya kwanza ilikuja Jumatatu ya Pentekoste, kwenye uwanja wa kanisa. Clive alitangaza ngoma, wachezaji wakaingia kwenye nafasi zao, na Mervyn akaenda kusimama pembeni, pale pa Clive.

"We mzee," alisema Clive, "mbona unanihamisha nyumba na kodi nimelipa?"

Watazamaji walicheka. Clive alimshika Mervyn mabega kwa upole, akamsogeza katikati, mbele ya Desmond, na ngoma ikachezwa bila kosa mpaka mwisho.

Desmond aliliona jambo lile na alijua maana yake. Mervyn alipoanza ngoma, kabla ya kupewa nafasi ya katikati, alikuwa mchezaji wa pembeni. Ile ilikuwa nafasi yake ya kwanza kabisa chini ya Mzee Hone. Desmond alilifikiria hilo akiwa bado na leso mkononi, akalifikiria tena akitembea kwenda nyumbani. Kisha akajiambia kwamba ni zile kelele za watoto, na jua, na watu wengi. Hakumwambia Clive. Hakumwambia Beryl. Jioni ile Beryl alikuwa amepita mbele ya nyumba yake ameshikana mkono na Mervyn, akampungia, naye akapunga.

Tamasha la mji wa Tenbrook lilifanyika Julai, siku ya joto lisilo na upepo. Vikundi vilitoka kila upande: waliojipaka masizi usoni, waliovaa viatu vya mbao, wanawake wa mjini wenye tepe za zambarau. Mtaa mkubwa ulifungwa, magari yasipite. Kodiani na ngoma zilishindana kutoka kila kona, hata ukisimama mahali pamoja ulisikia nyimbo tatu kwa mpigo. Sarley walipangiwa kucheza mbele ya soko la zamani.

Mervyn alikuwa ameketi juu ya ngazi za mawe, Desmond amepiga goti akimfunga njuga, kwa kuwa vidole vya Mervyn havikuweza tena na mikanda ile midogo.

"Nina wasiwasi," alisema Mervyn kwa sauti ya chini.

"Wasiwasi wa nini?"

"Mzee Hone amesema leo naingia. Ndiyo mara yangu ya kwanza mbele za watu. Nikikosea atanirudisha benchi."

Desmond alibaki na mkanda mkononi. Aliinua macho akautazama uso wa rafiki yake, uliokuwa na mikunjo na jasho, na ndani yake macho ya kijana mwenye hofu. Kipaza sauti kikaita jina la Sarley. Clive alikuwa ameshaingia uwanjani, akivuta mikono ya shati. Mtu wa saba hawakuwa naye. Mtu mmoja akitoka hakuna ngoma. Upande wa pili wa mtaa, chini ya kofia ya majani, Beryl aliinua mkono.

"Utacheza vizuri," Desmond alisema, akaufunga mkanda.

Kiitikio cha kwanza kilikwenda. Fimbo zilikutana juu kwa mlio mkavu na watu wakapiga makofi. Cha pili kilikwenda. Katika kipande cha kupishana Desmond alimwona Mervyn akipita karibu naye, amekaza midomo, akihesabu hatua kimyakimya jinsi wanafunzi wanavyohesabu. Kisha wakarudi kwenye mistari, Trevor akavuta ile sauti ndefu ya kuwatayarisha, na Desmond akaruka, akageuka, akapiga.

Fimbo ya Mervyn haikuwepo. Fimbo ya Desmond ilipita mahali ilipopaswa kupokelewa na ikaendelea kushuka.

Mlio wake haukuwa wa mti kwa mti.

Mervyn alikuwa ameinama, fimbo yake ameishika chini vizuri kandoni mwa paja, akipita langoni kama mchezaji wa pembeni anavyopaswa kupita. Hakukosea hata hatua moja. Clive, aliyekuwa akipita palepale, alimgonga kwa bega, wakaanguka pamoja, na Clive peke yake akanyanyuka. Watu wa nyuma waliendelea kupiga makofi, wakidhani ndivyo ngoma inavyokwisha. Kodiani ililia kidogo zaidi, kisha ikakata.

"Merv," alisema Desmond. "Merv. Simama, bwana." Alikuwa bado ameishika fimbo. Mtu mmoja alimvua vidole kimoja kimoja ili amnyang'anye.

Damu ilikuwa imevilia ndani ya fuvu. Hospitali walimfungua kichwa, wakamfunga, na baada ya siku nyingi akafumbua macho. Askari mmoja wa kike alikwenda kwa Desmond, akanywa chai, akauliza maswali machache kwa adabu, akasema ni ajali. Desmond alimwambia kuhusu Lango la juu na Lango la chini. Askari alisikiliza, akafunga kalamu yake, akarudia kwamba ni ajali.

Kikundi kilikutana mara moja tu, kwenye baa, mchana. Trevor hakuleta kodiani. Clive alisema ataandikia watu wa Agosti na wa Septemba kuwaambia Sarley hawaji. Hakuna aliyepinga.

"Nilikuuliza," Clive alisema mwishoni, bila ukali, akigeuzageuza bilauri. "Machi ile, kwenye chai. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mimi mwenyewe nilimtoa kwenye nafasi yangu kule kanisani nikafanya mzaha. Kwa hiyo sijui. Sijui niseme nini."

Wakamaliza bia zao na kuondoka kila mmoja kwa njia yake.

Beryl hakuzungumza na Desmond mpaka Mervyn alipohamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, ng'ambo ya mto. Siku hiyo alimkuta kwenye korido, na mfuko wa nguo za mumewe mkononi.

"Mimi ndiye niliyekuomba," alisema. "Nalijua hilo kila asubuhi ninapoamka. Lakini ilikuwa juu yako kunikatalia, Desmond. Mimi nilikuwa mwanamke anayezama, ningeshika chochote. Wewe ulikuwa umesimama ukingoni."

Desmond hakujitetea. Alisema hata ile siku ya Tenbrook, pale ngazini, Mervyn alimwambia ni mara yake ya kwanza kucheza, naye alielewa, na bado alimfunga njuga. Beryl aliushusha mfuko wa nguo sakafuni. Uso wake ulikuwa umepungua mpaka mifupa ilionekana.

"Sikutaka kulijua hilo," alisema.

Wiki mbili baadaye alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa kavu. Alikuwa akimlisha Mervyn kiamsha kinywa, chakula cha mchana na cha jioni kwa mkono wake, kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache na walimharakisha, na sasa mgongo ulikuwa umemkatika. Alihitaji mtu wa mchana.

"Sijakusamehe," alisema. "Nataka kulala tu."

Desmond alikwenda. Mervyn alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, nywele zimenyolewa upande mmoja, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hakumjua Desmond. Hakumjua Mzee Hone pia. Desmond alilitaja jina hilo mara moja, na lilipita juu ya uso ule bila kuacha chochote. Alivuta kiti, akafungua bakuli la supu ya viazi na vitunguu, akajaza kijiko na kuuinua mkono.

Mervyn alijikunja. Mkono wake mzima uliruka juu ukafunika kichwa, kidevu kikazama kifuani, na sauti nyembamba ikamtoka kooni. Kijiko kiligongwa kikaanguka.

"Ni mimi tu, Merv. Ni supu."

Akaokota kijiko, akakifuta, akajaribu tena. Mervyn akajifunika tena. Muuguzi mmoja mnene, aliyekuwa akipita na mashuka, alisimama mlangoni.

"Ajabu," alisema. "Kwangu hafanyi hivyo. Wala kwa mkewe. Hebu nione." Akachukua kijiko, akakiinua vilevile, na Mervyn akafungua mdomo, akameza, akasubiri kingine. Muuguzi alimrudishia Desmond kijiko. "Labda ni ukubwa wa mikono yako, babu. Usijali."

Alipoondoka Desmond alikaa akiitazama mikono yake. Akavua koti. Akasogeza kiti mpaka akawa kandoni mwa Mervyn, si mbele yake. Akaliweka bakuli chini, kwenye mapaja yake mwenyewe, akajaza kijiko nusu, akakisukuma polepole kutokea chini, mkono ukiteleza juu ya egemeo la kiti, ukapita kiuno, ukapita kifua, usipande juu ya kidevu. Mervyn alikitazama kijiko kikija. Mabega yake yalikaza. Midomo ikafunguka kidogo, na supu ikaingia, nyingine ikamwagikia kidevuni. Desmond hakuinua mkono kumfuta.

Kijiko cha pili kilichukua muda mrefu kuliko cha kwanza. Cha tatu Mervyn alikikataa, na Desmond akasubiri mpaka pumzi yake ilipotulia, akaanza tena kutoka chini. Supu ilipoa ikaganda juu. Sahani za wengine zilikusanywa, toroli likapita likigongana, mtu akaja na kitambaa kuifuta meza ya pembeni.

"Amemaliza?"

Desmond alilitazama bakuli. Halikuwa limefika hata nusu.

"Bado," alisema. "Lakini amechoka. Acha leo. Kesho nitakuja mapema kidogo, kabla haijapoa."